Maji ya Kitani

Jericho, Nairobi
10 Februari 2025

Maurine binti yangu,

Mama yako anakusalimu, nami pia. Najua huko unovisini, mnakofundwa usista, hamruhusiwi simu na barua ni moja kwa mwezi, kwa hiyo nitakuandikia kama nilivyokuwa nikimwandikia mkaguzi wa shule: kwa ukamilifu, na kwa mwandiko unaosomeka.

Ulituacha Januari tukihangaika na kumeza kwa mama yako. Sikukueleza vizuri wakati ule kwa sababu ulikuwa ukilia, na mtu anayelia hafundishiki. Ni hivi. Kooni mna njia mbili, moja ya chakula na nyingine ya hewa, na mna kifuniko kidogo kinachoziba njia ya hewa kila tunapomeza. Kiharusi kimekifanya kifuniko cha mama yako kichelewe. Ugali laini husubiri kidogo. Maji hayasubiri. Yanateleza hadi mapafuni kabla kifuniko hakijashuka, na huko huleta nimonia. Ndiyo sababu mtaalamu pale hospitalini alikataza maji, chai na mchuzi mwepesi mpaka viongezwe uzito. Unga wao wa kuongezea uzito una harufu ya karatasi. Mama yako aliutema.

Sasa sikiliza. Nilikwenda Eastleigh kwa Shamso, yule muuza nafaka, kutafuta dawa ya tumbo, maana mama yako alikuwa hapati choo. Akanipimia mbegu ndogo za kahawia, zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Ni mbegu za kitani, mmea uleule ambao nyuzi zake hufumwa vitambaa. Nikaanza kumuuliza zinafanyaje kazi. Akasema, "Mwalimu, wewe unanunua ama unasahihisha mtihani?" Nikanunua.

Mbegu nzima hupita tumboni ikatoka kama ilivyoingia, kwa hiyo lazima isagwe. Nilipompelekea Sydney wa mashine ya unga, alizifikicha kidoleni akanirudishia. "Hii iko na mafuta, Mwalimu. Itashika jiwe, halafu kesho wateja waniulize kwa nini ugali yao inateleza." Basi natwanga mwenyewe katika kile kinu cha tangawizi, kidogo kidogo, kwa sababu unga wake ukikaa siku nyingi mafuta huchacha.

Siku ya kwanza nilitia kijiko katika uji wa wimbi, nikatoka kumpokea mtu mlangoni. Niliporudi uji ulikuwa umekaza, unavutika kama mboga ya mrenda. Mama yako, aliyekulia Ugenya akila mrenda, alipouona utelezi ule alicheka kwa upande wa uso unaocheka. Nikamlisha. Hakukohoa hata kidogo. Nesi wa kliniki ameniona nikikoroga mbele yake, akamnywesha mgonjwa yeye mwenyewe akimsikiliza kifua, akasema niendelee.

Sasa kitani kimo katika kila kitu humu ndani. Chai, ndengu, supu ya omena iliyochujwa, hata maji ya kunywa. Chapati zangu pia, maana siwezi kupika nyumba mbili katika jiko moja. Soma, sali, usituhangaikie.

Baba yako,
Odongo


Nyumba ya Unovisi
9 Machi 2025

Baba mpendwa,

Nimesoma barua yako mara nyingi mpaka Sista Eve, mlezi wetu, akaniuliza kama ni ya kemia. Nilicheka, kisha nikaenda chooni nikalia, halafu nikarudi kuosha masufuria. Ndivyo siku zangu zilivyo.

Namwona mama na kikombe chake. Mwambie nimepewa kitanda karibu na dirisha na kwamba asubuhi ni baridi kuliko Limuru. Usimwambie kwamba nimekonda. Ukimwambia nimekonda atataka nirudi, na nikisikia anataka nirudi nitarudi.

Baba, hujasema neno moja kuhusu Komunyo. Mama hajawahi kukosa. Hata mwaka ule wa maandamano, barabara zikiwa zimefungwa, alipita vichochoroni kwenda Misa. Mama Kathini wa jumuiya, anayewapelekea wagonjwa Komunyo, anamletea? Najua wewe na kanisa letu mnasalimiana kwa mbali tu, lakini kwake hicho ndicho chakula. Vingine vyote ni vya kusindikizia.

Naomba jibu.

Binti yako,
Maurine


Jericho
4 Mei 2025

Maurine binti yangu,

Nilichelewa kujibu kwa sababu sikutaka kujibu nusu.

Mama Kathini alikuja Jumapili baada ya Pasaka, na kile kikopo chake kidogo cha Hostia, ule mkate wenu wa Komunyo, shingoni. Mama yako alikuwa amevaa kitambaa cheupe kichwani tangu asubuhi, akiangalia mlango. Mama Kathini akavunja kipande, akasema maneno yenu, akamwekea ulimini.

Kitu kikavu ni kibaya sawa na maji, ila kwa njia nyingine: kinanata. Alikohoa mpaka midomo ikabadilika rangi. Mama Kathini alikitoa kwa kidole akakifunga kitambaani huku akilia, na sikujua anamlilia mgonjwa au anakililia kile kipande. Tangu siku hiyo anakuja na rozari tu. Anaogopa.

Mama yako naye amegeukia ukuta. Nisikufiche: anakula nusu ya aliyokuwa akila. Nimebadilisha uji, nimetia ndizi, nimetia siagi ya karanga, nimetwanga kitani laini kama poda. Anafumba mdomo. Nilimwuliza anataka nini, akainua mkono mzima akagusa shingo, pale Mama Kathini huvaa kikopo. Mtu aliyekataa kula hachukui muda mrefu, wewe umeona kwa bibi yako.

Mimi ni Mwanglikana wa Krismasi, lakini nimefundisha sayansi maisha yangu yote, na naona njia rahisi. Kipande kile kisagwe, kikorogwe katika kijiko cha uji wa kitani, ameze vyote pamoja. Kitateleza bila shida. Mama Kathini anasema hathubutu bila neno la mtu anayejua. Wewe unaishi na wanaojua. Uliza.

Baba yako,
Odongo


Nyumba ya Unovisi
1 Juni 2025

Baba mpendwa,

Haiwezekani. Tafadhali usimguse Bwana kwa mwiko. Najua hukukusudia ubaya, lakini Mwili wa Kristo haukorogwi katika uji kama dawa ya minyoo. Nilipofika sehemu hiyo niliificha barua chini ya godoro, nisije nikaulizwa.

Inafanywa hivi. Mama Kathini avunje chembe, ndogo kama punje ya simsim. Aiweke ulimini. Kisha mama apewe kijiko cha maji ya kuishushia. Maji matupu, Baba. Masafi, yasiyotiwa kitu. Nakusihi usitie kitani humo. Najua utasema ni hatari, nami nakumbuka ile habari ya kifuniko, lakini ni kijiko kimoja. Miezi hii yote mama amekunywa ulichotaka wewe anywe. Kwa kijiko kimoja mwachie Mungu nafasi.

Tarehe 22 ni Sikukuu ya Ekaristi. Ningefurahi iwe siku hiyo. Sisi hapa tutakuwa na maandamano bustanini, nami nitajua kwamba saa hiyohiyo mama yuko nasi.

Msomee barua hii. Msomee yote.

Binti yako,
Maurine


Jericho
14 Julai 2025

Kwa Mama Kathini, Makueni.

Salamu. Pole na shughuli za mavuno, na asante tena kwa kusafiri nasi mpaka Ugenya kumzika mke wangu Apondi. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yako iko mikononi mwa wajukuu, na ujumbe wangu ungesomwa kwa sauti jikoni.

Ulikuwepo siku ile ya sikukuu, kwa hiyo sikuelezi usichokiona. Nataka tu tukubaliane kuhusu tulichokiona.

Nilikuwa nimeweka vikombe viwili kwenye kitambaa cheupe. Kimoja kilikuwa cha maji ya kitani, mazito, kama alivyoyazoea. Kingine kilikuwa cha maji matupu. Nilikuwa nimemsomea Apondi barua ya Maurine yote, kama nilivyoombwa, na nilipofika pale pa maji matupu aliniangalia vile ambavyo hakuwa ameniangalia tangu augue. Wewe ulipomwekea ile chembe nilimwonyesha vikombe vyote viwili. Uliona mkono ulikokwenda. Nilimwonyesha tena, nikidhani amekosea. Mkono ukaenda palepale.

Nikampa kijiko. Kilipita. Akakohoa kidogo tu, akafumba macho, machozi yakashuka, nawe ukasema, "Amina." Tungeishia hapo. Lakini aliinua mkono tena, Mama Kathini. Cha kwanza kilikuwa cha Komunyo. Cha pili kilikuwa cha kiu. Tangu kiharusi hakuwa ameonja maji yanayoitwa maji. Mimi ndiye niliyejua yanakokwenda, nimewafundisha watoto wa watu kwa mchoro ubaoni, nami nikachota nikampa, kwa sababu aliniomba.

Jioni alianza kupumua kwa sauti ya kitambaa kinachochanwa. Mengine unayajua. Daktari aliandika nimonia, na ni sahihi.

Sasa neno langu. Maurine alipopita nyumbani kabla ya mazishi alikuta meza kama tulivyoiacha. Kikombe cha kitani kilikuwa kimekauka na utando wake. Kikombe cha maji matupu hakikuwa na alama yoyote. Maji matupu hayaachi alama. Akakigusa kile cha kitani kwa kidole. Kule Ugenya, katikati ya watu, akaninong'oneza, "Baba, ulifanya nilivyoandika?" Nikamwambia tutazungumza. Hatukuzungumza.

Ataniandikia, na asiporidhika atakuandikia wewe. Nitamwambia kwamba yalikuwa ya kitani. Anaweka nadhiri mwezi wa kumi na mbili. Hawezi kupiga magoti pale mbele akijua kwamba barua yake ndiyo iliyochagua kikombe. Nami ninajua si barua iliyoshika kijiko. Naomba uniunge mkono.

Odongo


Makueni
25 Julai 2025

Mwalimu,

Nimepata barua yako kwa mtu wa duka. Nimeisomea shambani peke yangu, usijali.

Mwalimu, mimi hubeba Mwili wa Bwana kwa mikono hii. Siwezi kubeba na uongo kwa mikono hiyohiyo. Umenipa mzigo, na sisemi umenionea, lakini ni mzigo.

Nimefikiria hivi. Msichana akiniuliza, nitamwambia nilikuwa nimefumba macho nikisali. Na ni ukweli. Kijiko cha kwanza nilikiona. Ulipochota cha pili nilifumba. Sikutaka kuona, na sikukuzuia, kwa hiyo hiyo kesi si yako peke yako.

Ulipika vizuri, Mwalimu. Wamama wa jumuiya walikuwa wanakucheka na huo uji wako wa kuvutika, wanasema mzee amekuwa bibi harusi. Lakini Apondi hakuwa na kidonda hata kimoja mgongoni, na hakulala njaa kwako. Hilo ndilo ningependa kuulizwa, lakini hakuna mtu ataniuliza.

Kathini


Nyumba ya Unovisi
3 Agosti 2025

Baba,

Sista Eve ameniruhusu barua ya ziada kwa sababu ya msiba. Nimekaa na kalamu tangu Misa ya asubuhi.

Niliona kikombe. Nilikigusa kwa kidole, kikanata. Uliahidi tutazungumza, na wewe si mtu wa kukosa maneno, kwa hiyo ninajua jibu tayari, lakini nataka uliandike kwa mkono wako.

Je, yale maji yalikuwa na kitani?

Kama yalikuwa nacho, basi niambie pia kwa nini. Nilikuomba kijiko kimoja. Mama aliaga dunia akiwa na ule utelezi mdomoni, hata siku ile, hata kwa Komunyo yake ya mwisho. Nilifikiri kuna mahali maelezo yako yangesimama, ukavua viatu kama watu wengine. Sitaki kukukosea heshima. Lakini usiku, nisipopata usingizi, nakusikia ukinieleza habari ya kifuniko, na naziba masikio.

Maurine


Jericho
17 Agosti 2025

Maurine binti yangu,

Ndiyo. Yalikuwa na kitani.

Sina maelezo marefu safari hii. Nilisoma barua yako, nikamsomea mama yako yote. Kisha nikakoroga kama nilivyozoea. Niliogopa. Ile chembe aliimeza vizuri, alitulia, akalia kidogo, Mama Kathini akasema "Amina." Nimonia ilikuja na baridi ya Juni kama inavyowajia wengi walio kitandani. Usitafute sababu nyingine.

Ukinikasirikia, nikasirikie. Una haki. Nakuomba tu usimkasirikie Mungu kwa ajili yangu, wala usiache kula. Uliponikumbatia Ugenya nilihisi mifupa.

Nimerudi kufundisha watoto wawili wa jirani hesabu za jioni. Mbegu bado ziko. Natia katika chapati kama kawaida; mkono umeshazoea na mdomo pia. Shamso aliposikia habari alikataa kunipimia. Aliniketisha dukani, akaniletea chai, akasema, "Leo hakuna kununua, Mzee. Leo kaa tu." Nilikaa. Chai yake ilikuwa nyepesi sana. Ilinishinda kumaliza.

Baba yako,
Odongo


Nyumba ya Unovisi
26 Oktoba 2025

Baba mpendwa,

Sikukuandikia Septemba. Nilikuwa na kalamu na karatasi na ruhusa, na sikuandika. Nisamehe kwanza hilo, kisha usome yanayofuata umekaa.

Mwezi uliopita nilihamishiwa jikoni kwa masista wazee. Sista mmoja, naye ana kiharusi, alikuwa akikohoa kila akinywa chai, na hakuna aliyejua la kufanya. Nikamwomba Sista Eve mbegu za kitani. Nikazitwanga, nikakoroga, nikangoja mpaka kijiko kikasimama. Sista akanywa kikombe kizima bila kukohoa. Sista Eve, ambaye zamani alikuwa nesi, akaniuliza nani alinifundisha. Nikasema baba. Halafu, sijui kwa nini, nikamweleza yote. Nikamweleza jinsi nilivyokuomba maji matupu na jinsi ulivyokataa.

Akaniuliza, "Na nani alikuambia lazima yawe matupu?"

Baba, hakuna aliyeniambia. Sikuwahi kumwuliza mtu. Uliniambia niulize, na niliona aibu kusema kwamba baba yangu anataka kukoroga Hostia katika uji, basi nikaandika kutoka kichwani mwangu, kwa lile neno la haraka la mtu aliyejifunza dini miezi mitano. Sista Eve anasema Hostia ndiyo haichanganywi. Chembe ikishawekwa ulimini, maji ya kuishushia yangeweza kuwa mazito upendavyo. Kitani hakingemkosea mtu yeyote. Kisha akanieleza maji matupu yanavyofanya kwa mgonjwa kama mama, na alipofika kwenye kifuniko nilimmalizia sentensi, maana niliisikia kwa sauti yako.

Kama ungenitii, ningemuua mama kwa kalamu yangu. Nimelisema hilo kwa sauti katika kikanisa, peke yangu, ili nisikie lilivyo. Kisha nikasema, lakini Baba hakunitii. Nikalala usiku mzima kwa mara ya kwanza tangu Ugenya.

Nilikuita mkaidi moyoni mwangu. Namshukuru Mungu kwa ukaidi wako. Tarehe nane Desemba nitaweka nadhiri kwa amani, na hiyo amani umenipa wewe. Njoo. Nitakutafuta kwenye benchi la mbele.

Binti yako anayekupenda,
Maurine


Jericho
9 Novemba 2025

Maurine binti yangu,

Barua yako imefika. Nimeisoma nikiwa nimekaa, kama ulivyoagiza.

Nitakuja tarehe nane. Mama Kathini atakuja pia. Amesema atavaa kitambaa kile cheupe cha mama yako, kama hutajali. Usimwulize mambo ya siku ile. Anapenda kusali akiwa amefumba macho, na ameteseka vya kutosha.

Kuhusu masista wako. Umefanya vizuri, lakini sikiliza mambo machache. Twanga kidogo kidogo, na uhifadhi katika chombo chenye kifuniko kinachobana. Ukisikia harufu ya rangi ya mlango, mwaga, mafuta yameharibika. Tia unga katika kinywaji, si kinywaji juu ya unga, la sivyo utapata madonge, na donge ni hatari kuliko chai. Koroga, ngoja, koroga tena. Usimlishe mtu aliyelala. Mketishe wima, kidevu kikielekea kifuani. Baada ya kila kijiko mtazame shingoni mpaka uone amemeza. Usiwe na haraka. Usifanye kazi nyingine ukilisha.

Watakuzoea, na watakupenda, kwa sababu mtu humpenda anayemlisha. Ndipo siku moja mmoja wao atakuangalia, aguse mtungi, akuombe maji ya kawaida. Hatakuwa na wazimu. Atakuwa na kiu tu, na uso wake utakuwa uso wa mtu unayemjua.

Usiwape maji matupu, mwanangu. Hata wakikuomba.

Baba yako,
Odongo